Mpira Unaobeba Giaboksi: Namna ya Kuujua Umechoka na Kuubadili Nyumbani

Kazi ya monitori wa kilimo ni kuwafundisha watu kupanda viazi kwa mistari, kuweka mboji, na kuuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Kwa hiyo wengine watauliza: motokari ina nini na masomo ya shamba? Jibu ni fupi. Kabichi isiyofika sokoni ni chakula cha mbuzi. Sisi watu wa Musienene hatuli mavuno yetu yote nyumbani. Viazi, kabichi, karoti na vitunguu hupanda magari kwenda Butembo. Kutoka Butembo vingine huenda Beni, mwendo wa kilomita 54 hivi, na vingine huelekea magharibi kwenye machimbo ya dhahabu ya Mangurujipa, ambako watu wengi hushika sululu mchana kutwa na hununua chakula chao. Mchimbaji akikosa viazi atakula muhogo, hatakufa. Lakini mkulima ambaye viazi vyake vimelala siku nne ndani ya motokari iliyovunjika njiani, katika tope, huyo amepoteza msimu.

Magari mengi yanayobeba mazao yetu yalikuwa mazee kabla hayajafika kwetu. Yalitembea kwanza Japani au Uarabuni, yakapanda meli mpaka Mombasa, yakapita Kenya na Uganda, yakaingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi. Ndiyo sababu mengi yana usukani upande wa kuume, ingawa sisi twaendesha upande wa kuume wa njia. Chuma cha motokari ya namna hiyo chaweza kuwa kizima bado. Mpira wake ndio uliozeeka, kwa maana mpira huzeeka hata motokari ikisimama.

Leo twasoma habari za mpira mmoja tu, ule unaobeba giaboksi. Ni kipande kidogo, katika magari mengi chatosha kushikwa kwa mkono mmoja. Watu hawauoni, hawausafishi, wala hawajui jina lake, mpaka siku ile unapokatika.

Mpira huo ni kitu gani

Ingieni chini ya Toyota Hilux, au motokari yo yote ambayo magurudumu yake ya nyuma ndiyo yanayosukuma. (Ingieni kwa namna tutakayoeleza mbele, siyo sasa hivi.) Mbele mtaona injini. Nyuma yake, imeshikana nayo, kuna giaboksi, yaani sanduku lenye meno ya gia. Nyuma ya giaboksi hutoka propela, ule mti mrefu wa chuma unaozunguka na kuyapelekea magurudumu ya nyuma nguvu.

Injini na giaboksi ni mzigo mmoja mzito, nao umekaa juu ya mafiga matatu, kama chungu. Figa mbili ni mipira miwili iliyo kuume na kushoto ya injini. Figa la tatu ni mpira ulio chini ya giaboksi, kwa nyuma. Mpira huo wa tatu hukaa juu ya boriti ya chuma iliyokingama kutoka upande mmoja wa fremu ya motokari mpaka upande wa pili, kama boriti ya nyumba ilivyokingama juu ya kuta.

Umeumbwa hivi: bamba la chuma juu, bamba la chuma chini, na katikati mpira mgumu uliounganishwa na mabamba hayo kwa moto, hata vikawa kama kitu kimoja. Ufundi wa kupika mpira pamoja na kiberiti, usiyeyuke kwa jua wala usivunjike kwa baridi, uligunduliwa na Charles Goodyear wa Marekani mwaka 1839. Sisi wa Kongo twalijua neno mpira kwa uchungu. Katika miaka ya 1885 mpaka 1908, nchi hii ilipokuwa mali ya mfalme Leopold II, watu wengi walipigwa na kuuawa kwa sababu ya mpira wa mitambaazi ya msituni. Mpira wa siku hizi hautoki katika mitambaazi ile. Hutoka katika miti ya hevea, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini na sasa imepandwa zaidi nchi za Asia, tena mwingine hutengenezwa viwandani kwa mafuta ya ardhi.

Mpira wa giaboksi una kazi mbili. Ya kwanza ni kuchukua uzito. Ya pili ni kumeza mtikisiko. Injini ikizungusha propela kwa nguvu, yenyewe nayo yataka kupinduka upande wa pili, kama vile mtu anayekaza nati ngumu asiposimama imara huvutwa yeye. Kila dereva anapoachia klachi, injini na giaboksi hujaribu kuinuka na kujipinda, na mpira huzuia kwa upole. Kama pasingekuwa na mpira, chuma kingegonga chuma, na bolti zingelegea au kukatika moja baada ya moja.

Dalili za mpira uliochoka

Dereva husikia kabla ya kuona. Akiachia klachi ili motokari iondoke, husikia pigo chini ya miguu yake: du! Akiondoa mguu kwenye mafuta ghafula, husikia pigo tena. Mkono wa gia hurukaruka mahali pake, hasa njia ikipanda. Gia huwa nzito kuingia, na mara nyingine hutoka yenyewe katikati ya mlima, jambo la hatari katika vilima vyetu, maana motokari yenye mzigo ikikosa gia hubaki mikononi mwa breki peke yake. Tena motokari yote hutetemeka ikisimama huku injini inanguruma.

Wengine husikia kelele hizo wakasema, "Ni njia mbaya tu." Njia ni mbaya kweli, hakuna wa kubisha. Lakini pigo la njia huja gurudumu linapoingia katika shimo, na pigo la mpira huja mguu wa dereva unapogusa klachi au mafuta. Jaribuni mahali palipo sawa kabisa, kama uwanja wa mpira, nanyi mtazijua hizi mbili.

Kuna jaribio jingine la watu wawili. Simamisheni motokari mahali sawa, breki ya mkono imevutwa, magurudumu yamezuiwa kwa magogo mbele na nyuma. Pasiwe na mtu wala mtoto mbele yake au nyuma yake. Dereva akanyage breki ya mguu kwa nguvu, aingize gia ya kwanza, aachie klachi polepole mpaka injini ianze kujikaza, kisha akanyage klachi tena upesi. Afanye vivyo hivyo kwa gia ya kurudi nyuma. Wa pili asimame ubavuni, atazame mkono wa gia kwa dirisha. Ukisogea kidogo, si neno. Ukiruka mbele na nyuma kama kichwa cha kuku anayetembea, mpira mmoja au zaidi katika ile mitatu umekwisha.

Ushahidi wa mwisho ni wa macho. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, mtu huingia chini na tochi na mtaimbo mdogo. Hutafuta nyufa katika mpira. Kisha huweka ncha ya mtaimbo kati ya boriti na giaboksi, akainua kwa taratibu. Mpira mzima huinuka kidogo pamoja na bamba lake, ukarudi. Mpira uliokatika hufunguka kama kinywa, na mwanga wa tochi hupita kati ya mpira na bamba. Mwingine haujakatika, bali umelowa oili ukawa laini kama sabuni iliyolala majini. Huo nao umekufa.

Mambo yanayofanana na ugonjwa huu

Msikimbilie kununua kabla ya kuangalia mambo matatu. Kwanza, bolti za boriti yenyewe. Mara nyingine mpira ni mzima, bolti ndizo zimelegea, na kukaza kwa dakika tano kwatosha. Pili, viungo vya propela. Shikeni propela kwa mikono miwili na kuizungusha huku na huku. Kiungo kikicheza na kutoa mlio, pigo mnalosikia laweza kuwa lake. Magari marefu yana pia beringi katikati ya propela, nayo imefungwa katika mpira wake. Tatu, bomba la moshi, ambalo likikatika kishikio hugonga boriti na kuwadanganya hata mafundi.

Basi mkiona mpira umelowa oili, kabla ya kuulaumu mpira ulizeni oili imetoka wapi. Mara nyingi imetoka nyuma ya giaboksi, kwenye sili, mahali propela inapoingia. Mpira wa miti hauvumiliani na oili: hufura, hulainika, halafu huachana na chuma. Mtu akitia mpira mpya chini ya sili inayovuja, amenunua mpira wa kuoza. Sili ibadiliwe kwanza. Tena tazameni kiasi cha oili ndani ya giaboksi, maana iliyotoka nje haimo tena ndani.

Kununua

Katika maduka ya vipuri ya Butembo, ukitaja mpira wa giaboksi utaeleweka. Wengine huuita maunti, na wengine sapoti. Lakini jina halitoshi. Hilux moja si sawa na Hilux nyingine. Mwambieni mwenye duka mwaka wa motokari, namna ya injini (petroli au dizeli, na maandishi yaliyopigwa juu yake), kama giaboksi ni ya mkono au ya kujiendesha, na kama magurudumu yote manne husukuma. Mara nyingi mpira wa zamani una namba iliyopigwa katika mpira wenyewe au katika chuma. Sugueni kwa brashi, mkaiandike katika karatasi.

Kama namba haisomeki, pimeni. Chukueni karatasi ngumu, muibandike juu ya bolti, mkandamize kwa kidole mpaka alama za bolti zionekane. Pimeni na kimo cha mpira kwa kijiti. Karatasi hiyo na kijiti hicho vitawaokoa na safari ya pili. Kimo ni jambo kubwa: mpira ulio mrefu au mfupi kupita kiasi hubadili mlalo wa giaboksi na propela, na viungo vya propela huanza kutetemeka na kuisha mapema.

Mpira ukitolewa katika boksi jipya si dalili kwamba ni mpya. Ukunjeni kidogo kwa vidole. Ukionyesha nyufa ndogondogo, umekaa dukani miaka mingi. Uacheni hapo hapo. Mpira uliotolewa katika motokari iliyovunjwa ni bahati nasibu tu. Waweza kudumu, lakini umri wake ni kama wa ule mnaoutoa.

Yako mashauri mengine ambayo kila mtu hapa anayajua: kukata vipande vya tairi kuukuu, kuvipanga na kupitisha bolti ndefu katikati. Sitawacheka wafanyao hivyo. Motokari ikikatikia katika msitu wa njia ya Mangurujipa, na duka liko mbali, kipande cha tairi kitawafikisha nyumbani pamoja na mzigo. Lakini kisibaki hapo mwaka mzima. Tairi haikuunganishwa na bamba, na ile bolti ndefu ikikazwa sana huwa daraja la chuma kwa chuma, mtikisiko wote hupita. Ikilegezwa, giaboksi hucheza. Motokari inayobeba watu haifai kabisa kufungwa namna hiyo.

Kabla ya kuingia chini

Hapa nataka msome polepole. Mpira ukifungwa vibaya, mtafungua na kufunga tena. Motokari ikimlalia mtu, hakuna kufungua tena. Mtu huyo hapati hata nafasi ya kuita mara mbili.

Hilux na Land Cruiser ziko juu. Mtu mwembamba aweza kuingia bila kuinua motokari, magurudumu manne yote yakiwa ardhini. Hiyo ndiyo njia iliyo bora kuliko zote, kwa kuwa lisiloinuliwa haliwezi kuanguka. Basi kama mwaweza kuifanya kazi hivyo, msiinue.

Hiace na magari mengine ya chini hutaka kuinuliwa. Jeki ni ya kuinulia, siyo ya kulalia chini yake. Mafuta ya jeki yaweza kuvuja kimya, na jeki ikashuka wakati mnazungumza. Mkiisha kuinua, wekeni chini ya fremu stendi mbili za chuma. Kama hamna stendi, pangeni vipande vizito vya mkaratusi vilivyokatwa sawasawa, viwili hivi, viwili hivi, kama kuta za kisima, kila safu ikikingama juu ya nyingine. Kisha shusheni motokari ilale juu ya miti hiyo, na jeki ibaki karibu bila kutegemewa. Matofali hayafai, yawe ya udongo au ya saruji, kwa kuwa hupasuka bila kutoa habari. Mawe huteleza na kubingirika.

Udongo wetu wa vilima ukilowa mvua huwa kama uji. Jeki iliyosimama juu yake asubuhi itakuwa imezama mchana. Chini ya jeki na chini ya miti wekeni ubao mpana, tena mchague mahali palipo sawa. Kufanya kazi hii mtelemkoni, hata mtelemko mdogo, ni kuchezea uhai. Na kabla mtu hajaingiza hata mkono, sukumeni motokari kwa mabega upande huu na upande huu. Ikiyumba, anzeni upya.

Wengine hupenda shimo lililochimbwa. Shimo ni zuri, lakini kuta zake ziwe imara, zisimomonyoke chini ya gurudumu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa nao hukaa shimoni kama maji, kwa hiyo haifai kuingia na sigara wala taa ya moto. Injini isiwashwe mtu akiwa ndani, kwa sababu moshi wa motokari una sumu isiyonuka, na mtu hulala usingizi asiamke.

Ufunguo wa motokari ukae mfukoni mwa yule anayeingia chini. Siyo kwa dereva, siyo kwa mwenye motokari, siyo kwa mtoto aliyeambiwa aushike.

Kazi yenyewe

Jioni ya siku ya kwanza sugueni bolti zote kwa brashi ya waya, mzipake mafuta membamba, yalale usiku kucha. Dizeli iliyochanganywa na oili kidogo yafaa kama hamna kitu kingine. Bolti iliyoshika kutu, ikilazimishwa kavu, hukatika kichwa, na kazi ya saa mbili huwa ya siku mbili. Angalieni tu mafuta hayo yasimwagike juu ya breki.

Siku ya pili andaeni spana. Kwa Toyota nyingi zile za milimita 12, 14 na 17 zatosha. Pateni pia jeki, ubao mnene wa upana wa kiganja au zaidi, mtaimbo mdogo, tochi, na kopo la kutilia nati zisipotee katika majani. Vaeni kitu cha kulinda macho, maana kutu na udongo huanguka usoni.

Injini na bomba la moshi viwe vimepoa. Fungueni waya hasi wa betri. Zuieni magurudumu, vuteni breki ya mkono, na kama magurudumu yote yako ardhini wekeni gia ya kwanza.

Sasa wekeni ubao juu ya jeki, mpeleke jeki chini ya giaboksi, mbele kidogo ya boriti, mahali palipo pana na pagumu. Ubao hutawanya uzito, kwa maana sanduku la giaboksi nyingi ni la alumini, na kichwa cha jeki kikilisukuma mahali pamoja hulipasua. Giaboksi ya kujiendesha ina sinia la oili chini yake, la bati jembamba, kwa hiyo jeki isisukume sinia hilo. Tafuteni sehemu ngumu ya sanduku lenyewe. Motokari ya magurudumu manne yanayosukuma ina sanduku la pili nyuma ya giaboksi, na mzigo huzidi kuwa mzito, kwa hiyo jeki iwe ya nguvu.

Inueni kidogo kidogo mpaka uzito utoke juu ya mpira. Kipimo ni hiki: mpira uliokandamizwa huanza kunyoka, au uliokatika huanza kufunguka. Simameni hapo. Mkizidi kuinua, mbele injini huinama, na feni huweza kugusa kifuniko cha rejeta, mipira ya maji ikavutika na nyaya zikakatika. Mmoja akae juu akitazama feni wakati mwingine anapiga jeki.

Pigeni alama kwa chaki mahali boriti inapokaa katika fremu, pande zote mbili, kwa kuwa matundu mengine ni marefu na boriti yaweza kurudi mahali pasipo pake. Fungueni kwanza nati zinazoshika mpira na boriti. Kisha bolti za boriti, kuume na kushoto, huku mkiishika boriti kwa mkono isije ikawaangukia kifuani. Ishusheni. Mwisho fungueni bolti zinazoshika mpira na giaboksi. Angalieni mpira ule ulikaaje: upande gani mbele, upande gani juu. Mingine ina mshale. Usio na mshale, uwekeni chini karibu na mpya, uso kwa uso, mlinganishe tundu kwa tundu kabla ya kufunga hata bolti moja.

Safisheni mahali pa kukaa mpira, kwenye giaboksi na kwenye boriti, pasiwe na oili wala mchanga. Tazameni boriti yenyewe kama ina ufa karibu na matundu. Boriti iliyopasuka hupelekwa kwa fundi wa kuchomea vyuma, haifichwi kwa rangi.

Kufunga ni kurudi nyuma kwa njia ile ile, ila lipo neno moja ambalo wengi hulikosea. Ingizeni bolti zote kwa vidole kwanza, zote, bila kukaza hata moja. Ukikaza ya kwanza mpaka mwisho, ya nne haitaona tundu lake, na utaanza kuipiga kwa nyundo na kuharibu meno yake ndani ya alumini. Matundu yasipolingana, inueni au shusheni jeki kidogo, au sogezeni giaboksi kwa mtaimbo. Zote zikiisha kuingia, kazeni zile za mpira na giaboksi. Kisha shusheni jeki taratibu mpaka uzito wote ulale juu ya mpira mpya, na mpira ukae wenyewe bila kupindwa. Hapo ndipo mkaze boriti na nati zilizobaki. Mpira uliokazwa ukiwa umepindwa hukaa umepindwa siku zote, nao hukatika mapema.

Nguvu ya kukaza imeandikwa katika kitabu cha motokari, na mwenye spana ya kupimia nguvu aifuate. Asiye nayo akaze kwa mkono mmoja kwa spana ya kawaida mpaka ishike imara, bila kuongeza bomba ili kurefusha mkono. Bolti inayoingia katika alumini yataka heshima. Wekeni washa za springi mpya kama zile za zamani zimelala. Msipake mpira grisi wala oili kwa kudhani mnaulainisha.

Magari madogo ya magurudumu ya mbele

Toyota Corolla na nyingine ambazo magurudumu ya mbele ndiyo yanayosukuma hazina boriti hii ya nyuma wala propela. Injini imelala kukingama, na giaboksi iko ubavuni, katika Corolla upande wa kushoto. Mpira wake huwa juu, mara nyingi chini ya betri, na kazi nyingi hufanyika kwa kufungua boneti. Toeni betri na sinia lake, tegemezeni giaboksi kwa jeki na ubao kutoka chini, halafu mfungue. Sheria za jeki na za bolti kwa vidole ni zile zile. Lakini magari hayo yana mipira zaidi inayosaidiana. Ukibadili mmoja na mingine imekufa, ule mpya utabeba mzigo wa wote, nao hautakaa sana. Itazameni yote siku moja.

Kujaribu

Toeni jeki, hesabuni spana na nati, rudisheni waya wa betri. Kila mtu akiisha kutoka chini, washeni injini mkaisikilize. Fanyeni tena lile jaribio la klachi na mkono wa gia. Kisha endesheni bila mzigo kwa njia fupi, mpande kilima kimoja na kushuka. Pigo likibaki vile vile, rudini kwenye viungo vya propela na mipira miwili ya injini.

Motokari ikiisha kutembea kilomita 100 au 200, yaani safari chache za Butembo kwenda na kurudi, ingieni tena na spana mguse kila bolti. Mpira mpya hujilaza katika siku za kwanza, na bolti iliyokuwa imekaza yaweza kuwa imelegea nusu mzunguko. Mwangalie pia kama kuna tone la oili juu yake.